Ukuta wa Nyuma na Kitambaa Changu

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili nimekabidhiwa na binti yangu wa mwisho, Kitinda, ambaye ni fundi. Naandika fundi kwa wino na sifuti, ingawa kule kazini kwao kwa miaka minne wanamwita msaidizi na wanamjua kwa kubeba ndoo za plasta. Amesema, "Mama, kila siku niandikie mvua. Imenyesha saa ngapi, nzito au manyunyu, na kuta ziko vipi. Mistari miwili inatosha."

Mistari miwili. Mtoto nimemzaa mwenyewe na bado hajanijua.

Nyumba yetu imekaa kwenye mteremko. Chini yake kuna chumba kikubwa kilichozama ardhini. Mbele kina mlango na madirisha mawili, ubavuni udongo unapanda kidogo kidogo, na ukuta wa nyuma umezikwa wote mpaka darini. Baba Kitinda aliujenga kwa matofali ya saruji kwa mikono yake, akachoka, akaishia hapo. Hakuna plasta, hakuna rangi. Kila masika kinanuka kama soksi ya mwanafunzi, na chochote ukiweka humo kinaota ndevu za ukungu.

Sasa Msimamizi wa kule kwao anajenga nyumba kilimani, zote zina vyumba vya chini kama hiki. Kitinda akamwomba kazi ya kuta. Msimamizi akamjibu, "Nionyeshe ukuta mmoja uliozikwa ardhini, uliopita masika yote ukiwa mkavu. Nikiuona, kuta zote za chini ni zako, kama fundi kamili. Nisipouona, ndoo zako zipo palepale." Ndiyo maana chumba changu cha viazi kimekuwa chumba cha mtihani. Kitinda amechukua likizo yake yote ya mwaka, wiki tatu, aje akae na ukuta.

Kwenye ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuitwa fundi kamili. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo la saba nilishika namba mbili. Akili hizi hakuziokota njiani.

Mvua: hakuna.

Jumatano, 4 Machi

Mvua hakuna. Tumesugua kuta kwa brashi ya waya kutwa nzima. Ule unga mweupe unaoota kwenye matofali nilidhani ni chokaa. Kumbe ni chumvi: maji yanapita ndani ya tofali, yakikauka yanaiacha usoni pa tofali. Nimepiga chafya mpaka jioni.

Ijumaa, 6 Machi

Mawingu, mvua hakuna. Baba Kitinda ameshuka kukagua, mikono nyuma kama mwalimu mkuu.

"Usipoziba ufa," akaanza.

"Baba, ukuta tunao tayari," Kitinda akamkatiza. "Ufa ndio tunautafuta."

"Hapo nyuma hamtaupata. Niliupaka lami kwa nje kabla sijaufukia. Ule mwaka mama yako alikuwa na mimba yako."

"Kwa hiyo lami ina umri wangu."

"Na inafanya kazi kuliko wewe."

Akapanda juu akicheka peke yake. Ndiyo maongezi yake ya mwezi huu, ameyamaliza.

Jumatatu, 9 Machi

Manyunyu tangu asubuhi, kisha mvua nzito saa kumi hadi saa kumi na mbili. Masika yameingia.

Leo nimeona elimu. Kitinda amekata vipande vitatu vya plastiki angavu, kila kimoja ukubwa wa sinia, akavibandika ukutani kwa utepe wa gundi, pembe zote nne, hewa isipite. Kimoja ubavu wa kulia, kimoja kushoto, kimoja ukuta wa nyuma. Vitakaa siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa ukutani, nyuma ya plastiki, maana yake maji yanatoka udongoni na kupita kwenye tofali. Yakijikusanya upande wa chumbani, ni hewa yetu tu, pumzi na mvuke wa sufuria, dawa yake ni kufungua dirisha.

"Ukuta wenye maji ya udongoni unataka saruji ya kuzuia maji, mikono miwili, tabaka juu ya tabaka," akasema. "Ule wenye hewa tu, rangi nzito ya chembechembe inatosha. Mama, asivibandue mtu."

Nikamwambia nani atashuka humu kuiba plastiki.

Jumanne, 10 Machi

Mvua alfajiri, nzito. Jua saa tatu. Mvua tena saa nane.

Tumepata wageni. Kitinda alikuwa ameenda kuchagua brashi. Akaja Fundi Kofia, fundi mkubwa wa kule kwao, mwenye kofia ya turubai ambayo nadhani alizaliwa nayo. Kila Kitinda anapomtaja namwona rohoni anavyomcheka mwanangu. Ametumwa na Msimamizi aone kuta kabla hazijapakwa. Na jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hajawahi kuzima, alipomwona mwanamume anaingia kwangu akakumbuka ghafla kuwa anahitaji chumvi.

Nikawaambia wakae kidogo juu, nikatangulia chini kupanga viti. Naufungua mlango, na kitu cha kwanza machoni ni ukuta wa nyuma. Ile plastiki yake ilikuwa imejaa matone kama uso wa mbeba magunia. Ukuta wa mwanangu unatoka jasho mbele ya Redio. Nilivua kitambaa changu cha jikoni kiunoni, nikafungua kona ya utepe, nikapenyeza mkono, nikafuta vizuri, nikabana kona kwa kidole gumba mpaka ikashika. Sikubandua, nilifungua kona tu. Wanangu wote watatu nimewafuta kamasi kabla ya wageni, hakuna aliyekufa.

Wakashuka. Redio akasema, "Kumbe pakavu hivi." Nikasema, "Ndiyo mkono wa mwanangu," ingawa hajapaka hata tone.

Fundi Kofia aliusogelea ukuta wa nyuma akaukodolea macho muda mrefu. Wivu hauna dawa.

Jumatano, 11 Machi

Mvua usiku kucha kwa mujibu wa ndoo ya uani. Asubuhi kavu.

Nilishuka mapema kufagia, nikafuta tena pale nyuma, maana Kitinda alikuwa anakuja kusoma na sipendi mtoto aanze siku kwa kununa. Saa mbili akavifungua. Kulia maji, kushoto maji. Nyuma pakavu. Alikaa akipapasa tofali, akanusa kidole.

"Ajabu," akasema. "Huu ndio uliozikwa wote."

"Lami ya baba yako," nikamwambia.

"Labda." Akachukua chaki akaandika ukutani: HEWA.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua nzito mchana. Kuta za pembeni zimepata saruji mkono wa kwanza. Analilowesha tofali kwanza kwa brashi, ndipo anapaka. Eti saruji hii inakunywa, ukiiweka pakavu inakufa na kiu.

Ijumaa, 20 Machi

Manyunyu. Ukuta wa nyuma umeanza kupakwa ile rangi nzito yenye mchanga ndani. Anaiviringisha kwa rola, kisha anaipitia kwa ufagio mfupi, wima, halafu mlalo, inatoka kama mkeka uliosukwa. Nimekaa kwenye kiti nikiangalia kama mtu aliye harusini.

Jumamosi, 21 Machi

Mvua hakuna. Tumemaliza. Niandikeje? Chumba kimekuwa cheupe kama sahani. Nimewaita majirani saba na shemeji yangu. Redio amepapasa ukuta mara mbili. Baba Kitinda ameleta kiti chake cha redio, yaani redio ya kweli, ameketi humo tangu saa tisa.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Kuta kavu. Kitinda amerudi kwenye ndoo zake, lakini anazibeba kwa namna nyingine.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Kavu.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua kubwa. Kavu. Nimewaambia watu kanisani na sokoni.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua tangu jana saa sita mchana, haijakata. Nimeshuka kuchukua viazi. Kwenye ukuta wa nyuma, usawa wa goti, kuna kivimbe, ukubwa wa yai la kuku. Nimekigusa. Kinabonyea.

Sijamwambia mtu. Huenda kitarudi ndani.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Vivimbe tisa.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua imepungua saa nne asubuhi. Kimoja kimepasuka chenyewe, yametoka maji na rangi imening'inia kama ngozi ya maziwa. Chini yake ile chumvi nyeupe imeshaanza.

Kitinda aliporudi akaona. Hakulia, si wa kulia. Alipiga magoti akaupapasa ukuta wote kuanzia kona hadi kona, kila palipobonyea akaweka alama ya chaki. Alipofika mwisho alikaa sakafuni.

"Nimesoma vibaya," akasema. "Kipimo nimekisoma vibaya, Mama. Wanasema kweli, mimi ni wa ndoo."

Kumsikia mtoto anajivua cheo ambacho mimi nimemvika mtaa mzima, hilo sikulikubali. Nikasema ni mvua ya mwaka huu, nikasema ni rangi mbovu, nikasema ni lami. Baba Kitinda akaniangalia kwa hilo la lami, akatoka.

Jumamosi, 11 Aprili

Manyunyu mpaka saa tano, kisha jua.

Naandika yote, hata yanayoniuma.

Asubuhi Kitinda alikuwa kazini. Akaja Fundi Kofia. Nikajua amekuja kucheka, nikamfungulia mlango nusu.

"Nasikia ukuta umevimba, mama."

"Redio amekutangazia?"

"Binti yako ameniambia mwenyewe. Amemwomba Msimamizi asije kuukagua." Akashuka bila kukaribishwa, akasimama mbele ya ukuta wa nyuma, mikono mfukoni. Nikangoja kicheko. Hakikuja.

"Unajua, siku ile nilipokuja," akasema polepole, "niliangalia ile plastiki. Pembe tatu utepe umelala sawa. Pembe ya nne, ya chini kulia, utepe umekunjamana, una alama ya kidole gumba. Nikasema labda binti amefungua mwenyewe kuchungulia. Leo kazini nikamuuliza. Anasema hakuigusa mpaka Alhamisi, sijui Jumatano."

"Jumatano," nikasema. Mdomo wangu haunisikilizi.

"Jumatano. Ni binti makini. Tofali hili lilimwambia kweli kwa pua, na kipimo kikamwambia uongo, akachagua kipimo. Mimi ningefanya hivyo hivyo." Akaweka sawa kofia yake. "Utepe ukifunguliwa, mama, gundi ya pili haishiki kama ya kwanza. Hewa inaingia, matone yanakauka. Simdai mtu neno. Nasema tu gundi ilivyo."

Akaenda zake. Hakunywa hata maji. Mwanamume niliyemtukana humu ndani ya daftari alikuwa ananiachia mlango wazi nipite mwenyewe.

Nikakaa jikoni. Kitambaa kilikuwa kiunoni. Nikajitetea kwanza, nisiseme uongo. Nikasema nilifuta tu. Nikasema angeniambia wazi usifute, alisema usibandue. Halafu nikakumbuka alivyonieleza matone maana yake nini, kwa upole, kama mwalimu, na mimi nikatikisa kichwa huku naona fahari badala ya kusikiliza. Nimeusikia uzuri wa sauti yake, maneno sikuyachukua.

Nikafungua daftari, tarehe kumi. Yote yapo, kwa mwandiko wangu wa kujidai, mpaka kamasi. Kitinda hulisoma kila Jumapili, lakini huangalia mstari wa kwanza tu, mvua, na kugeuza. Ningeuchana ukurasa. Nilikwisha kuushika. Nikaugeuza kuona, na nyuma yake kuna mvua ya tarehe kumi na moja, ile ya ndoo ya uani, ambayo ndiyo anaihitaji ili ajue ukuta ulikunywa kiasi gani. Nikiuchana nitakuwa nimeufuta ukuta mara ya tatu.

Aliporudi hata viatu hajavua nikampa daftari limefunguliwa.

"Soma. Usiishie kwenye mvua."

Akasoma amesimama. Akarudia. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, hata kwa machozi. Akaniuliza, "Yalikuwa mengi?"

"Mengi."

"Makubwa au madogo?"

"Makubwa. Yanateremka."

"Yote upande wa ukutani?"

"Mwanangu, nilipenyeza mkono ndani. Yalikuwa ndani."

Akaliweka daftari mezani taratibu. "Ningejua," akasema. "Ningejua siku ileile." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, si kwa kishindo. Bora angeubamiza.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua. Hatujasemeshana. Sikwenda kokote.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Amekula, amesema asante. Hilo tu.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua asubuhi. Jioni Kitinda alisimama mlangoni mwa jikoni na buti za baba yake.

"Mama, una nguvu?"

"Ninazo."

"Basi chukua jembe."

Tumeanza kuchimba mfereji nyuma ya nyumba, maji ya mlimani yapite pembeni badala ya kuegemea ukuta. Mvua ilitukuta, tukafunga turubai juu ya kamba za nguo tukaendelea. Baba Kitinda amekuja na toroli bila kuitwa. Tulipofika kwenye lami yake ilikuwa imepasuka kama kisigino. Akaitazama.

"Ina umri wako," akamwambia Kitinda.

"Ipumzike, Baba."

Alhamisi, 16 Aprili

Manyunyu. Mfereji hatua kumi na moja. Mikono yangu imetoka malengelenge, sasa mimi na ukuta tumefanana.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua nzito saa tisa. Maji yamepita kwenye mfereji wetu yakaenda zake bondeni, sisi tumesimama mvuani tunayaangalia kama watu wanaosindikiza mgeni mbaya.

Ndani tumekwangua rangi yote. Ule mkeka mzuri. Kila kipande kilichoanguka nilikiokota mimi.

Jumapili, 26 Aprili

Mvua. Fundi Kofia ameshuka na saruji ya kuganda haraka, akamwonyesha Kitinda anavyoishikilia kwenye tundu linalovuja kwa kiganja mpaka ipate moto. Kisha akakaa pembeni, mwanangu akaziba matundu yaliyobaki mwenyewe, kumi na manne. Nilimpa Fundi Kofia chai, nikamwambia nilimwandika vibaya. Akauliza wapi. Nikasema usijali, kuna mahali.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua. Saruji ya kuzuia maji, mkono wa pili, ukuta wote wa nyuma. Uso wake mzito, ameupitia kwa ufagio uleule, wima na mlalo. Mkeka umerudi, huu wa kijivu. Ni mzuri kuliko ule.

Jumatano, 6 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Paa lilinguruma hata hatukusikilizana. Ukuta: kavu.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Kavu. Sijamwambia mtu sokoni. Redio ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 20 Mei

Mvua nzito jioni. Msimamizi amekubali kuja Jumamosi, Fundi Kofia ndiye aliyemwambia asifunge mlango. Kitinda amebandika plastiki moja tu, ukuta wa nyuma, pembe nne. Akanigeukia.

"Mama, mimi nipo kazini mpaka Ijumaa. Mlinzi ni wewe."

Nikamwambia ampe baba yake. Akasema, "Nimekupa wewe."

Ijumaa, 22 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimeshinda chumbani chini na mchele wa kuchambua. Kufika saa nane plastiki ikaanza kuota matone. Nikasogea, nikaangalia kwa pembeni kama anavyofanya yeye: yako upande wa chumbani. Upande wangu. Ni pumzi zangu mimi mwenyewe ninavyohema kwa hofu. Yalikuwa yananikonyeza. Mkono ulikwenda kiunoni peke yake. Nikavua kitambaa, nikakikunja mara nne, nikakikalia mpaka Kitinda aliporudi.

Jumamosi, 23 Mei

Manyunyu asubuhi, kisha mawingu meupe.

Msimamizi ni mfupi kuliko nilivyodhani. Alikuja na Fundi Kofia, na nyuma yao Redio akirudisha chumvi. Wote tukashuka.

"Una matone," Msimamizi akasema kuhusu plastiki.

"Ni ya huku chumbani," Kitinda akajibu. "Ni pumzi za mlinzi. Ndani ndiko kwenye neno." Akafungua utepe pembe moja baada ya nyingine, akaivuta. Saruji ya chini yake ilikuwa na rangi moja, kavu kama mkate wa jana. Fundi Kofia akafanya kitu ambacho hata Kitinda hajawahi kukiona: akavua kofia, kumbe ana upara safi, akaikandamiza ukutani kwa viganja viwili akahesabu mpaka sitini. Akampa Msimamizi aishike.

"Kavu," akasema Msimamizi. Kisha akamtazama Kitinda. "Lakini wa kwanza ulivimba. Kwa nini?"

"Kipimo changu kiliguswa, nami sikukirudia. Pua yangu ilinitia shaka nikaipuuza. Fundi anapima mara mbili. Kosa ni langu."

Alisema hivyo na hakunitazama. Angeishia hapo, Msimamizi angeridhika, na Redio asingejua lolote mpaka kufa kwake. Lakini sikumzaa yule mtoto aje abebe ndoo yangu.

"Aliyekigusa ni mimi," nikasema. "Nilifungua kona nikafuta matone, mara mbili, kwa kitambaa hiki, ili huyu Redio asiyaone. Binti yangu alikisoma sawasawa kile alichoachiwa na mama yake."

Redio alifungua mdomo akaufunga, jambo la kuwekwa kwenye kumbukumbu.

Msimamizi akairudisha kofia kwa mwenyewe. "Mama, kwenye nyumba zangu usikanyage kabla rangi haijakauka." Halafu kwa Kitinda: "Jumatatu saa moja. Ndoo mwachie mwingine. Njoo na ufagio wako huo."

Walipoondoka Kitinda alibaki anakunja plastiki. Akaniuliza kwa nini nimesema mbele ya Redio. Nikamwambia atalitangaza tu, na mimi napenda habari ikitangazwa iwe kamili: ukuta ni wa mwanangu, fundi kamili, na aliyeuharibu mara ya kwanza ni mama yake, na hata mimi kuuharibu ule ukuta haikuwa kazi rahisi.

Akacheka. Miezi miwili sijasikia hicho kicheko.

Mvua: imekata saa nne na nusu. Ukuta wa nyuma: mkavu, wote, nimeupapasa kwa kiganja kitupu. Kitambaa nimempa Baba Kitinda afutie buti.